Kuchekwa hakukumsomesha: kisa cha binti wa Kibirizi

Kuna binti mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, ambaye leo ana biashara ya dagaa inayowapa kazi wanawake sita, ana cheti cha mambo ya uvuvi, na amemjengea mama yake nyumba ya tofali za kuchoma kule Gungu. Shuleni alichekwa miaka minne mfululizo. Siku hizi akialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne husimama na kusema, "Nawashukuru walionicheka, maana ndio walionifikisha hapa." Ukumbi mzima hupiga makofi.

Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule nyingine ya mkoa huuhuu. Kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wangu, kwa wanaoonewa na kwa wanaoonea vilevile. Anayeonewa akiisikia anajilaumu: mbona mimi kuchekwa hakunipi nguvu? Anayeonea akiisikia anapata ruhusa. Ndiyo maana nilimwomba dada huyu tukae tukipitie kisa chake hatua kwa hatua. Alikubali, akaniletea hata ripoti zake za shule alizozitunza kwenye bahasha ya kaki, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la shule yake.

Baada ya kumsikiliza kwa muda mrefu, nimeshawishika kwamba kwenye maisha yake kulikuwa na mambo mawili ambayo sote tumezoea kuyatia kwenye gunia moja. Kulikuwa na shida, na kulikuwa na uonevu. Shida ilimfundisha kazi ambayo mpaka leo inamlisha. Uonevu haukumfundisha chochote, ulimpunguzia tu.

Nyumbani na mwaloni

Baba yake alivuka ziwa kwenda upande wa Kongo binti akiwa darasa la nne, hakurudi. Mama alibaki na watoto wanne na kazi ya kuanika dagaa. Asiyejua kazi hiyo anaweza kudhani ni kumwaga samaki juani na kusubiri. Mitumbwi huingia mwaloni, pale ufukweni inaposhusha samaki, alfajiri baada ya kukesha na taa. Mama wachuuzi wanakuwa wamekwisha kujipanga na mabeseni, bei inapigiwa kelele pale pale majini, na ukichelewa kununua utaondoka na dagaa waliokwisha kulegea. Ukishanunua, unawatandaza kabla jua halijapanda, unawageuza, unawafukuzia kunguru, na wingu likitanda unawakusanya mbio. Kilo moja ya dagaa wakavu inatokana na kilo tatu au zaidi za wabichi, kwa hiyo mvua moja ya ghafla inaweza kula mtaji wa wiki nzima.

Binti alianza kidato cha kwanza mwaka 2011. Wakati ule ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na michango ya dawati, ya mlinzi, ya chakula. Elimu bila ada ilikuja Januari 2016, yeye akiwa amekwisha kumaliza. Kila alfajiri ya uvuvi aliamka na mama, akabeba mabeseni kutoka majini hadi mchangani, akatandaza, kisha akakimbia nyumbani kuoga na kuvaa sare. Sare ilikuwa moja. Sweta lilikuwa moja. Maji ya kuoga yanatoa magamba mikononi, ila harufu iliyokwisha kuingia kwenye sweta haitoki kwa maji ya ndoo moja.

Darasani walimpa jina: Kauzu, yaani dagaa wakavu. Kwanza lilikuwa la wavulana wawili wa dawati la nyuma, muhula wa pili likawa la darasa zima. Akiingia, mmoja anafungua dirisha. Akipita kati ya madawati, wanaziba pua kwa pamoja kana kwamba wamepigiwa filimbi. Juu ya hilo kulikuwa na lafudhi yake. Alikuwa amekulia kwa bibi yake kijijini, upande wa Kalinzi, na Kiswahili chake kilibeba Kiha. Mwalimu mmoja alizoea kumsimamisha asome kwa sauti, na darasa likicheka, naye alicheka.

Rejista iliyofuata mwezi

Jambo lililonishtua kuliko yote katika kisa hiki limo ndani ya zile ripoti. Kila moja ina idadi ya siku alizochelewa, na kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa neno linalorudi ni "mchelewaji sugu". Nilimuuliza kama alichelewa kila siku. Akacheka. "Hapana mwalimu. Nilichelewa wakati wa giza."

Mvuvi wa Kigoma ataelewa mara moja. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu taa huwavuta kuja juu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake unatawanyika ziwa zima na taa ya mvuvi inakosa nguvu, hivyo wengi hupumzisha mitumbwi na kushona nyavu mpaka mwezi upungue. Siku za mbalamwezi binti alilala vizuri, akafika shuleni mapema, akakaa mstarini kama wenzake. Giza lilipoanza, uvuvi ulianza, na yeye akaanza kukuta lango limefungwa.

Kwa miaka minne kuchelewa kwake kulifuata mwezi, na hakuna mwalimu aliyeliona hilo mwenyewe, ingawa shule ile iko mwendo mfupi tu kutoka ziwani na nusu ya darasa lao ilikula dagaa. Mwalimu wa zamu aliona mchelewaji, akachukua fimbo. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko ziko wazi: kosa liwe kubwa, adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, isizidi viboko vinne, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike ila pale ambapo hayupo, na iandikwe kwenye kitabu. Pale langoni hakukuwa na kitabu. Kulikuwa na foleni.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndipo uonevu wa wanafunzi ulipopata mbolea. Mtoto anayechapwa mbele ya wenzake kila mwezi kwa kosa lilelile anakuwa mtu halali kuchekwa. Wavulana wa dawati la nyuma hawakuanzisha kitu, waliendeleza kilichoanzia langoni.

"Walikuwa wananitania tu"

Nilipomuuliza kama aliwahi kushtaki, alisema alikwenda mara moja, akaambiwa asikasirike, wenzake wanamtania. Jibu hilo nalifahamu, limetumika kufunika mengi nchini kwetu.

Sisi ni watu wa utani, na utani wa jadi ni mali yetu ya thamani. Lakini utani una sheria zake. Mtani akinitupia neno, namrudishia, na watu wanatazama nani mkali zaidi. Mtani wangu ndiye anayekuja msibani kwangu kulala kaburini akidai hela ndipo maiti izikwe, na ndiye huyohuyo anayebeba maji na kuchanja kuni msiba ukiendelea. Anayetania ana deni la kusaidia. Sasa tumtazame binti huyu. Angemrudishia nani? Watu arobaini walimcheka yeye mmoja, na siku mama yake alipolazwa hospitali ya Maweni hakuna hata mmoja kati ya hao "watani" aliyefika kitandani. Pasipo kurudishiana na pasipo kusaidiana, jina la utani halikai. Ni uonevu, na mtoto alistahili kusikilizwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyia mtoto mateso au kumdhalilisha, na haijaweka kando dhihaka inayofanywa na watoto wenzake huku wakubwa wakitazama. Namba 116 ya kumsaidia mtoto hupigwa bure. Miaka ile yeye hakuijua, na kusema kweli hata leo nikiingia darasani kuuliza, mikono inayonyooshwa ni michache.

Daftari

Sasa nifike kwenye mafanikio, maana hayo hayana ubishi.

Dada mwenyewe anasimulia hivi: walinicheka, nikajifungia darasani wakati wa mapumziko, nikasoma hesabu kwa hasira, nikawashinda. Simulizi ni tamu, na sehemu yake ni kweli. Wakati wa chai alibaki darasani, kwa kuwa nje wangemwimbia. Lakini ripoti zake zinasema jambo jingine. Kidato cha kwanza mwishoni, Hisabati alipata 31. Kidato cha pili katikati, wakati jina la Kauzu lilipokuwa limeshika shule nzima, alishuka hadi 24. Kama hasira ndiyo iliyokuwa inamsomesha, basi pale ndipo alama zingepanda. Zilianza kupanda kidato cha tatu: 45, kisha 58. Nikamuuliza, kidato cha tatu kulitokea nini? Alifikiri kidogo, akasema, "Labda daftari la bibi."

Pale mwaloni alikuwepo mama mtu mzima, mchuuzi wa siku nyingi, ambaye kila mtu alimwita Bibi. Biashara ya dagaa inaendeshwa sana kwa mali kauli: mnunuzi kutoka Tabora au Mwanza anachukua magunia leo, analipa akishauza. Bibi hakujua kusoma. Madeni yote aliyabeba kichwani, na umri ulikuwa unaanza kuyamwaga. Asubuhi moja ya kidato cha pili kuelekea mwisho, binti akiwa anatandaza, Bibi alimwita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si unasoma? Njoo na kalamu."

Alimwandikia madeni ya watu saba. Kesho yake wakaja wanawake wengine wawili. Baada ya muda mfupi alikuwa na daftari kubwa lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula: jina la mnunuzi, beseni ngapi, bei ya siku ile, tarehe, kilicholipwa, kilichobaki. Nimeliona daftari hilo. Kurasa za mwanzo zina mafuta ya mawese pembeni na mwandiko wa wasiwasi. Kurasa za katikati zimenyooka. Kuna ukurasa mmoja ambapo amegundua kwamba mnunuzi mmoja amelipa pungufu mara tatu kwa bei tatu tofauti, na amepiga hesabu ya jumla kwa kalamu nyekundu aliyoazima kwa mwalimu. Yule mnunuzi alipokuja kubisha, Bibi alimsimamisha binti mbele ya wachuuzi wote asome. Alisoma kwa lafudhi ileile iliyochekwa darasani, na pale mchangani hakucheka mtu. Mnunuzi alilipa.

Hapo ndipo ninapouona mgeuko wa kisa hiki. Msichana ambaye tangu saa moja na nusu asubuhi alikuwa takataka, kati ya saa kumi na mbili na saa moja alikuwa karani ambaye watu wazima walimngoja. Hesabu za uwiano na asilimia zilizomshinda ubaoni alikuwa akizifanya mwaloni kila siku, kwa fedha za watu halisi. Malipo yalikuwa madogo, mara nyingine kikombe cha dagaa, lakini ada ya kidato cha nne Bibi aliilipa yote, na alipokuja shuleni kuilipa alimwomba mkuu wa shule binti aruhusiwe kufika saa mbili siku za giza. Mkuu alikubali. Kibali hicho kilichukua dakika chache kutolewa.

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Kati ya waliokulia kwenye shida nyingi za umaskini na familia zilizovunjika, takriban theluthi moja walitoka wakawa watu imara. Miongoni mwa yaliyowatofautisha na wenzao ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewashika mkono, mara nyingi nje ya wazazi, na kuwa na kazi au wajibu uliowafanya wahitajike. Nilipokuwa nalisoma lile daftari nilimkumbuka Werner, kwa sababu Bibi wa Kibirizi, bila kusoma neno, aliyafanya yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Mtihani wa kidato cha nne aliufanya mwaka 2014, mwaka ambao matokeo yalitolewa kwa utaratibu wa wastani wa alama, si kwa madaraja tuliyoyazoea. Alifaulu vizuri kiasi, si kwa kutikisa mkoa. Baadaye aliingia chuo cha uvuvi cha FETA, kampasi ya Kibirizi, umbali wa kutembea kutoka pale alipokuwa akitandaza. Huko alijifunza kuanika juu ya vichanja vya wavu badala ya mchangani: hewa inapita chini na juu, dagaa wanakauka upesi, hawana mchanga, na bei yake sokoni ni nyingine. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, wachuuzi wengi walibaki mikono mitupu. Yeye alikuwa na akiba ya magunia, kwa kuwa tangu Januari alikuwa amekaa na daftari akipiga hesabu ya miezi mitatu isiyo na samaki. Wanawake wake sita walilipwa hadi Agosti, ingawa kwa nusu. Huo ni ujuzi uliotoka kwenye shida, na nauheshimu sana.

Uonevu ulichobakiza

Upande wa pili wa hesabu hausomwi kwenye mahafali. Mwanamke huyu wa miaka ishirini na kitu hapandi haisi ikiwa imejaa, hungoja inayofuata ili akae dirishani. Kabla ya kuingia benki pale Mwanga anasugua mikono kwa limau, hata siku ambayo hajagusa samaki. Watoto wake wawili hawajui Kiha hata salamu, maana aliapa hawatachekwa, na bibi mzaa mama huzungumza nao kwa Kiswahili cha kubabaisha. Kidato cha nne kizima hakuuliza swali hata moja darasani. Chuoni, anasema, miezi ya kwanza alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango hadi alipogundua kwamba pale kila mtu ananuka samaki, na mwalimu pia.

Anawalipa vizuri wafanyakazi wake, lakini wakicheka kwa sauti akiwa amewapa mgongo, hupandwa na hasira asiyoweza kuieleza. Mmoja aliacha kazi kwa sababu hiyo.

Hayuko peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 Uingereza, uliofuatilia watoto 7,771 waliozaliwa mwaka 1958, ulionyesha kwamba walioonewa mara kwa mara wakiwa na miaka 7 na 11 walikuwa bado, wakifika miaka 50, na hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi, elimu ndogo zaidi, na mahusiano dhaifu zaidi na watu, hata baada ya watafiti kuhesabu umaskini wa utotoni. Miaka arobaini baadaye! Nikimwona dada huyu na limau lake mlangoni mwa benki, naamini takwimu hizo bila shida.

Aliyekaa naye dawati moja

Kila ninapoambiwa kwamba dhihaka huchochea mafanikio, huuliza: na wengine waliodhihakiwa wako wapi? Kwenye darasa lile walikuwa wawili. Huyu wa pili pia alikuwa mtoto wa mwaloni, alikaa dawati moja naye, na alipewa jina baya kuliko Kauzu ambalo sitaliandika. Dada wa dagaa mwenyewe anasema, na ripoti zinamuunga mkono, kwamba Hisabati mwenzake alikuwa mbele yake kwa mbali. Mtaa mmoja, harufu moja, wachekaji walewale. Mwaka 2012, katikati ya kidato cha pili, aliacha kuja. Shule iliandika "mtoro".

Nilimtafuta, nikampata Uvinza, akikaanga migebuka na mihogo jioni karibu na stesheni. Nilimuuliza, kama dada yangu mdogo, nini kilimtoa. Hakutaja umaskini. Alisema siku moja walimfungia nje ya darasa wakamwagia maji yenye sabuni ya unga, "wanisafishe". Alitembea na sare inayochuruzika mpaka nyumbani, na kesho yake miguu ikakataa. Mama yake alikuwa anaanikia upande mwingine wa mwalo, mbali na Bibi. Hakuna aliyemwita na kalamu.

Hasira alikuwa nayo, pengine kuliko mwenzake. Hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Wawili hawa hawakuwa wameonana tangu siku ile. Mwezi Machi dada wa dagaa alipanda treni kwenda Uvinza na wakakaa hadi usiku. Hakumpa hela, alimpa maelezo: kwamba aliyeishia kidato cha pili anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, akifaulu akasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa kidato cha nne, na kwamba watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wanaelekeza namna ya kujiandaa. Amekwisha kujiandikisha. Masomo ni jioni, saa zilezile za wateja wake wa mihogo, kwa hiyo wiki mbili kati ya nne anamwachia jiko mdogo wake na nyingine anakosa kipindi. Nilipozungumza naye mara ya mwisho kwa simu aliniambia milinganyo imerudi yote, kama vile hakuwahi kuiacha. Kiingereza ndicho kinachomtesa, na ameomba nimtafutie mtu wa kumsahihishia insha.